Nusu ya Hadithi Ambayo Haisimuliwi

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, wilaya za Tarime na Serengeti, mkoa wa Mara)

 

Mazungumzo ya leo yanahusu hadithi. Najua kuna mmoja hapo anasema moyoni: "Ah, hadithi! Hizo ni za watoto wadogo na bibi zao jikoni. Mimi niko kidato cha tatu, nina mtihani." Mwingine anajiuliza hadithi zimeingiaje katika gazeti la afya. Swali zuri hilo. Jibu langu fupi ni hili: zipo hadithi zinazoponya na zipo hadithi zinazoua, na zote mbili zinapatikana kijijini kwako. Usipozipima, zitaamua mambo ya mwili wako kabla wewe hujaamua.

Kwa hiyo leo nataka tujifunze kupima hadithi. Sisemi tuzitupe. Tuzipime.

HADITHI NI NYUMBA

Tuanze na uzuri wake. Mzee wa Kikurya akikutana na mgeni hataji jina lake tu na kunyamaza. Atakwambia yeye ni Mwirege, au Mnyabasi, au Mtimbaru, au Mnchari. Ukimpa nafasi na kikombe cha chai atapanda juu zaidi mpaka kwa Mokurya, babu wa wote. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba anachokupa ni hadithi. Anakwambia: mimi natoka mahali fulani, nina watu.

Nenda upande wa Serengeti. Waikoma wana Machaba, zile pembe za tembo zinazoheshimiwa sana. Masimulizi yao yanazihusisha na nabii wa Kitatoga aliyewaelekeza wazee wao nyakati za taabu. Jirani zao nao wana visa vya asili vya mwindaji aliyekutana na mwanamke mkulima, na kutoka kwao ukazaliwa ukoo. Mwaka 2003 mwanahistoria Jan Bender Shetler alichapisha kitabu kizima cha historia za Mara ya kusini zilizoandikwa na wazee wenyewe wa huko. Kumbe mambo tuliyodhani ni porojo za jioni ni hazina ambayo watu wa mbali wanaisoma.

Je, hadithi hizi zina faida gani kwa afya? Faida kubwa. Zinamwambia mtoto: wewe si wa peke yako. Mtu anayejua ana kwao huvumilia msiba, njaa na ugonjwa kuliko mtu asiye na pa kuegemea. Hadithi ni nyumba, na ndani ya nyumba mtu anapata joto.

Lakini nyumba ina mlango. Na mwenye kushika mlango anaweza kuamua nani aingie, nani abaki nje kwenye mvua. Hapo ndipo shida inapoanza.

SAIKOLOJIA YA JAMII NI KITU GANI?

Mwaka 1965 wataalamu wa saikolojia walikutana katika mji wa Swampscott, Marekani. Waliona kwamba haitoshi kumweka mgonjwa mmoja ofisini na kuzungumza naye, ikiwa kinachomuumiza kiko nje: mtaani, shuleni, kazini, nyumbani kwao. Ukimtibu leo na kumrudisha kulekule, kesho ataumia tena. Hivyo likazaliwa somo linaloitwa saikolojia ya jamii.

Mmoja wa wakongwe wa somo hilo, Julian Rappaport wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliandika sana juu ya hadithi. Mwaka 2000, yeye na mwenzake Eric Mankowski waliandika kuhusu jumuiya za kiroho na jinsi zinavyotumia masimulizi. Mawazo yao tunaweza kuyaeleza kwa kugawa hadithi katika mafungu matatu:

1. Hadithi inayotawala. Hii ndiyo kila mtu anaijua bila kufundishwa. Iko kwenye nyimbo, utani, matusi na methali. Inatuambia mtu wa namna gani ana thamani.

2. Hadithi ya jumuiya. Hii ni ya kundi fulani: kanisa, msikiti, kwaya, kikundi cha akina mama, klabu ya shule.

3. Hadithi ya mtu mwenyewe. Hiki ni kisa chako, jinsi unavyojieleza kwako mwenyewe.

Sasa sikiliza jambo lao kubwa. Mtu mmoja anaona shida sana kubadili hadithi yake akiwa peke yake, kwa sababu hadithi inayotawala ina nguvu kuliko yeye. Lakini akipata jumuiya yenye hadithi nyingine, akaisikia kwa watu anaowaona kwa macho, anapata pa kushika. Ni kama kuvuka mto Mara wakati wa masika. Peke yako utachukuliwa na maji, ila mkishikana mikono mtavuka.

HADITHI INAYOTAWALA HAPA KWETU

Haya, tuseme wazi sasa, tusizunguke.

Msichana wa Tarime au Serengeti anaijua hadithi hii tangu akiwa mdogo. Inasema hivi: asiyekeketwa ni msagane. Msagane ni mtoto hata akiwa na miaka 40. Hafai kufungua lango la zizi la ng'ombe. Hataolewa, na akiolewa mahari yake itakuwa pungufu. Ataleta mkosi nyumbani. Wenzake wa rika watamcheka kisimani. Lakini aliyekeketwa atavishwa khanga, atapewa zawadi, ataimbiwa barabarani, ataitwa mwanamke.

Hakuna mwalimu aliyeandika somo hilo ubaoni. Halina kitabu. Hata hivyo limewaingia watu kuliko hesabu na kemia, kwa sababu limefundishwa kwa wimbo, kwa utani, kwa zawadi na kwa woga. Ndiyo kazi ya hadithi inayotawala.

Sasa tuipime kwa kipimo cha afya. Ukeketaji hauna faida yoyote kwa mwili. Shirika la Afya Duniani limesema hivyo wazi. Madhara yake yanajulikana: kutokwa damu nyingi, maumivu makali, vidonda kuoza, pepopunda, hatari ya kuambukizana magonjwa kwa wembe mmoja, shida ya kukojoa, makovu, na matatizo wakati wa kujifungua. Wengine hufa. Na kuna majeraha yasiyoonekana: ndoto za kutisha, hofu, huzuni isiyo na jina, na kutowaamini tena watu wa nyumbani.

Ipime pia kwa sheria. Tangu mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana imefanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Hata hivyo kila msimu unapokaribia, hasa Novemba na Desemba shule zikifungwa, wapo wasichana ambao hawalali usingizi.

Kwa nini sheria peke yake haikutosha? Kwa sababu askari anaweza kumkamata ngariba, lakini hawezi kukamata hadithi.

JE, NI KWELI KILA MTU ANAITAKA?

Hapa ndipo hadithi inayotawala ina udhaifu. Inadai kuwa wote wanakubali. Tuitazame kwa namba.

Tafiti za kitaifa za afya huwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49. Katika mkoa wa Mara, waliosema wamekeketwa walikuwa karibu 40 kwa kila 100 mwaka 2010. Utafiti wa 2015/16 ulipata 32. Ule wa 2022 ulipata 28. Kwa Tanzania nzima walikuwa 18 kwa kila 100 mwaka 1996, na 8 mwaka 2022. Ni kweli mkoa wetu una makabila ambayo hayana mila hii, kwa hiyo usichukue namba ya mkoa mzima ukadhani ndiyo ya kijiji chako. Lakini mwelekeo unaonekana: unashuka. Kwa hiyo mtu akikwambia "wote wanafanya", mjibu kwa adabu kwamba namba zinasema vingine.

Mwaka 1996 mtaalamu Gerry Mackie alilinganisha ukeketaji na mila ya Wachina ya kufunga miguu ya wasichana ili ibaki midogo. Mila ile ilidumu kwa karne nyingi. Akina mama waliifanya huku watoto wakilia, kwa kuogopa kwamba binti hatapata mume. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 ilianguka haraka sana, ndani ya kizazi kimoja hivi. Kulikuwa na elimu, ndiyo. Ila kulikuwa na jambo jingine: familia zilijiunga pamoja na kuahidi hadharani kwamba hazitafunga miguu ya binti zao, wala hazitawaruhusu wavulana wao kuoa wasichana waliofungwa miguu. Kumbe wengi walikuwa wamechoka zamani, ila kila mmoja alidhani amechoka peke yake!

Jambo kama hilo likatokea Senegal. Mwaka 1997 wanawake wa kijiji cha Malicounda Bambara, waliosoma katika madarasa ya shirika la Tostan, walitangaza kuacha ukeketaji. Mzee mmoja wa dini, imamu Demba Diawara, akaona kijiji kimoja hakitoshi, maana watu huoa vijiji vingine. Akafunga safari kwa miguu, kijiji kwa kijiji, kuzungumza na ndugu zake. Hakuwatukana wala hakuwaita washenzi. Aliwaketisha wakazungumza. Mwaka 1998 vijiji 13 vikatangaza pamoja.

Na usidhani mifano yote iko mbali. Majirani zetu Wajaluo wa Rorya, wilaya iliyokuwa sehemu ya Tarime hadi 2007, walikuwa na mila ya kung'oa meno sita ya chini. Nayo ilikuwa na hadithi yake: asiyeng'oa hajawa mtu mzima. Leo vijana wa Kijaluo wana meno yao yote. Je, wameacha kuwa Wajaluo? Hata kidogo. Lugha yao ipo, nyimbo zao zipo, ukoo wao upo. Mila moja imeondoka na kabila limebaki.

NUSU ILIYOFICHWA

Tumerudi kwenye kichwa cha mazungumzo yetu. Hadithi inayotawala ina nusu moja tu. Nusu ya khanga, ngoma na zawadi inasimuliwa kwa sauti kubwa. Nusu ya damu haisimuliwi.

Waliopitia wameeleza kwamba msichana akifariki kwa kukeketwa, mila haikuruhusu aliliwe. Mwili wake uliachwa porini bila matanga, bila kaburi. Hebu fikiria maana yake. Jamii inayokesha siku nyingi msibani kwa mzee, inanyamaza kimya kwa mtoto huyu. Asipoliliwa hatajwi. Asipotajwa, ni kama hakuwepo. Na msimu ujao mdogo wake ataimbiwa wimbo uleule, kwa sababu hakuna aliyemsimulia.

Kwa hiyo kimya kile nacho ni sehemu ya mila. Ndicho kinachoilinda.

Mmoja wa watu waliovunja kimya hicho ni Rhobi Samwelly, mzaliwa wa mkoa huuhuu wa Mara. Alikeketwa akiwa binti mdogo, akatokwa damu nyingi mpaka ikadhaniwa amekufa. Rafiki yake hakupona. Alipokua hakukaa na kisa hicho moyoni. Alikwenda vijijini, akasimama mbele ya wazee, wazazi na vijana, akasimulia yaliyompata yeye mwenyewe. Mwaka 2014 ikafunguliwa nyumba salama mjini Mugumu, wilaya ya Serengeti, chini ya Kanisa la Anglikana, naye akiwa mstari wa mbele. Mwaka 2017 likaanzishwa shirika la Hope for Girls and Women, ambalo yeye ni kiongozi wake. Wasichana wanaokimbia hupokewa, huendelea na masomo, na wengi wao hurudi kwao baada ya mazungumzo na wazazi. Mwaka 2018 Giselle Portenier alitoa filamu kuhusu wasichana hao.

Tazama alichofanya. Hakuja na kitabu cha Ulaya. Alikuja na kisa chake, kwa lugha ya nyumbani, kwa watu wanaomjua. Mtu anaweza kubishana na takwimu usiku kucha. Ni vigumu kumwambia binti wa kijijini kwako, anayekuangalia usoni, kwamba damu yake haikumwagika.

USHUHUDA: SILAHA TULIYO NAYO TAYARI

Sasa utasema: "Sisi hatujazoea kusimulia mambo ya ndani." Si kweli. Tumezoea sana, tena kwa jina la ushuhuda.

Wamishonari wa Kimennonite walifika Shirati mwaka 1934. Miaka minane baadaye, mwaka 1942, kanisa la Shirati liliguswa na uamsho, ule uliokuwa ukienea Afrika Mashariki kuanzia Rwanda na Uganda. Watu walisimama kanisani, wakaeleza maisha yao hadharani na kuombana msamaha. Mwafrika akazungumza na Mzungu kama ndugu, na Mjaluo na mtu wa kabila jingine vivyo hivyo. Zedekiah Kisare, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo mwaka 1967, alipitia uamsho huo. Ulikuwa na nguvu kwa sababu mtu alisema "mimi", wala hakusema "watu fulani". Na wenzake walimpokea badala ya kumfukuza.

Huko Marekani mwaka 1935, katika mji wa Akron, walevi wawili walianzisha kikundi cha kusaidiana kuacha pombe. Dawa yao kubwa ilikuwa nini? Kusimuliana. Mtu anasimama, anataja jina lake, anaeleza alikotoka na alipofika. Mgeni akisikiliza anasema: kumbe naye alikuwa kama mimi! Kikundi hicho kimeenea duniani kote.

Unaona basi. Shirati na Akron, watu wa mbali wasiojuana, waligundua jambo moja: kisa cha mtu mmoja, kikipokewa na jumuiya, huwa njia kwa wengine.

Katika Masanga, wilaya ya Tarime, kuna kituo ambacho tangu 2008 kimekuwa kikiwapokea wasichana msimu wa ukeketaji unapofika. Masista wa Kanisa Katoliki wamefanya kazi kubwa pale. Wasichana hukaa kambini, hufundishwa juu ya mwili wao, haki zao, na mambo mazuri ya mila. Mwisho hufanya mahafali, ngoma zikilia na wazazi wakishuhudia. Angalia ujanja wake: rika limebaki, mafunzo yamebaki, sherehe imebaki, wembe peke yake ndio umeondolewa. Msichana harudi nyumbani mikono mitupu, amepewa hadithi nyingine ya jinsi alivyokuwa mtu mzima.

Lakini tuseme ukweli pia kwa upande wa dini. Kuwa na kanisa au msikiti kijijini hakutoshi. Wapo wanaoimba kwaya Jumapili na kumpeleka binti kwa ngariba Jumatatu, na hakuna anayesema kitu. Tena ushuhuda una hatari yake. Mara nyingine jumuiya inataka kusikia ushindi tu: nilikuwa gizani, sasa niko nuruni, haleluya. Yule ambaye bado anaumia anajiona hana nafasi. Jumuiya nzuri ya kiroho inampa nafasi hata mtu ambaye hadithi yake haijafika mwisho.

KUSIMULIA BILA KUJERUHI

Mwaka 1986 wataalamu James Pennebaker na Sandra Beall walifanya jaribio na wanafunzi wa chuo huko Marekani. Waliwaambia baadhi yao waandike juu ya jambo lililowaumiza sana, dakika 15 kila siku kwa siku nne. Miezi iliyofuata, walioandika tukio lenyewe pamoja na hisia zao walikwenda kwa daktari mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida tu. Kumbe kutoa yaliyo moyoni kunaweza kusaidia hata mwili.

Hata hivyo, usikimbilie kumkamua mwenzako maneno. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kumlazimisha mtu aeleze mkasa wake mara tu baada ya tukio hakumsaidii. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011, wa kumsaidia mtu aliyepatwa na janga, unatufundisha mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Kwa hiyo tukubaliane kanuni hizi:

• Kisa ni mali ya mwenyewe. Yeye ndiye anayeamua aseme lini, kwa nani, na kiasi gani. Kunyamaza ni haki yake.

• Usimsimulie mwenzako. Alichokwambia msichana chini ya mti usikipeleke bwenini. Ukikisambaza umemkeketa mara ya pili, safari hii kwa ulimi.

• Sikiliza bila hukumu. Usiseme "kwa nini hukukimbia?" Sema "pole, nimekusikia".

• Usimcheke aliyekeketwa. Hakuchagua. Vita vyetu ni na wembe, wala si na yeye. Binti aliyekeketwa ni mzima kabisa, ana thamani ileile, na akiwa na maumivu au shida ya uzazi aende zahanati bila aibu.

• Usiahidi siri ya hatari. Mwenzako akikwambia atapelekwa kukeketwa likizo hii, mweleze kwa upole kwamba jambo hili linahitaji mtu mzima wa kuaminika, mwende pamoja.

NA WEWE MVULANA JE?

Najua umekaa nyuma huko, unaona mazungumzo haya ni ya wasichana. La, bwana! Hadithi inayotawala inakutumia wewe kama sababu. Inasema: "Tunawakeketa kwa sababu wavulana hawataki kuoa wasiokeketwa." Je, kuna mtu aliyekuuliza? Ukinyamaza, wanaandika jibu kwa niaba yako.

Siku moja msemo wa "msagane" utatolewa mbele yako kwa utani. Una njia tatu: kucheka, kunyamaza, au kusema. Ukicheka umeongeza mstari kwenye hadithi ile. Ukinyamaza wenzako watadhani umekubali. Ukisema kwa utulivu, "Mimi hilo silitazami nikichagua mke", umetoboa tundu kwenye ukuta. Na pengine mwenzako wa pembeni, aliyekuwa anaogopa kusema, naye atasema. Wachina wale walianza hivyohivyo.

UFANYE NINI SASA?

Kwanza, andika. Chukua daftari, andika hadithi inayotawala kijijini kwenu kuhusu msichana mzuri na mvulana mzuri. Pembeni andika: nani anaisimulia? Nani anafaidika? Nusu ipi haisimuliwi?

Pili, waulize wazee. Nenda kwa bibi kwa heshima, umsalimie, umsaidie kazi, ndipo uulize: "Bibi, enzi zenu ilikuwaje? Kuna mliyempoteza?" Usiende kubishana. Huenda bibi anaubeba msiba ambao kwa miaka 50 hakuruhusiwa kuulilia. Mpe nafasi.

Tatu, tengenezeni jumuiya ya kusimuliana: klabu ya shule, kikundi cha kwaya, vijana wa msikitini, timu ya mpira. Tungeni igizo au ngonjera yenye nusu zote mbili. Msitaje jina la mtu bila ruhusa yake. Mkiwa tayari waombeni mwalimu au mchungaji wazazi waje kutazama.

Nne, ujue pa kukimbilia. Kama wewe au rafiki yako mko hatarini, msisubiri shule ifungwe. Mwambieni mwalimu wa malezi, ofisa ustawi wa jamii, kiongozi wa dini mnayemwamini, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Unaweza kupiga simu ya taifa ya kusaidia watoto, namba 116, ni bure. Nyumba salama zipo Tarime na Serengeti, na watu hawa wanajua jinsi ya kukufikisha.

Vijana, hakuna anayewaambia mwache kuwa Wakurya, Wangoreme, Waikoma au Wanata. Zishikeni hadithi za Mokurya, za mwindaji na mkulima, za Machaba. Watoto wenu watazihitaji. Ila mtakapoketi kuwasimulia, wasimulieni zote, pamoja na ile ya binti ambaye hakuliliwa. Naye alikuwa wa ukoo wenu.

 Sasa nani ana swali?